Taulo Jekundu Upande wa Kushoto

Niliposikia nyayo kwenye ngazi sikugeuka. Nilijua ni wale wale, watu wa picha.

"Ukishapiga, tafadhali usiguse shuka," nilisema, bado nimewapa mgongo. "Na usiegemee tangi, kaka yangu alilipaka rangi upya jana. Kama unataka ile sehemu ya kwenye filamu, simama pale konani. Wote wanasimama pale."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasema mara nyingi mno, yakawa yanatoka bila mimi kuyafikiria. Ilikuwa saa nane mchana. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, kwanza kwenye karai, halafu kwenye pasi, na sasa juu ya paa, nikianua shuka za nyumba ya wageni kabla sijateremka kuoga na kuvaa. Mikono ilinuka sabuni hadi kwenye viwiko. Miguu ndiyo kabisa, nilikuwa nimeacha kuiuliza habari zake.

"Tangi lilikuwa upande ule," sauti ikasema nyuma yangu. "Na lilikuwa jeusi."

Kibanio nilichokuwa nimekishika kikaanguka.

Kuna sauti mtu huisahau akaizika kabisa, na kuna sauti ambayo mtu hujidanganya kwamba ameizika. Niligeuka polepole, nimeikumbatia shuka kifuani kana kwamba nimekutwa sijavaa. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, mkono mmoja ukutani, anahema. Miwani hakuwa nayo zamani. Mvi pia hakuwa nazo. Lakini macho yalikuwa yale yale, yanayokutazama kama vile yanakupima ukubwa.

"Hujambo, Jirani," alisema.

Hakuna mtu mwingine duniani anayeniita hivyo.

"Sijambo," nikajibu. Huo ndio uzuri wa salamu, hutoka hata moyo ukiwa umesimama.

*

Nieleze kidogo, maana si kila mtu ameiona filamu ile. Ni filamu ya katuni, ya msichana anayekimbia juu ya mapaa akimtafuta ndege wake. Watoto waliipenda, wazazi wakaipenda zaidi. Na paa analopenda kukaa msichana yule, lenye kamba sita za nguo na ngazi nyembamba iliyopinda, ni paa la nyumba yetu. Chini ni duka la mama la udobi, katikati tunalala, juu tunaanika.

Mchoraji alikuja miaka sita iliyopita. Kampuni yake ilimtuma atafute paa la kweli, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, paa la kubuni halina uchafu. Yeye alikuwa mchoraji wa mandhari. Kazi yake ni mahali tu: nyumba, ukuta, wingu, beseni lililopasuka. Watu huchorwa na wengine. Akapanga chumba ng'ambo ya barabara, dirisha lake likitazamana na paa letu, akamwomba mama ruhusa ya kuja kuchora. Mama akampa kiti. Ndivyo balaa lilivyoingia ndani kwa heshima zote, likapewa na kiti.

Aliishi pale miezi minane. Mwezi wa kwanza alichora kamba. Wa pili alichora tangi. Wa tatu akaanza kunisaidia kukunja shuka, maana shuka kubwa hukunjwa na watu wawili: mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, mnavuta, mnakunja, halafu mnaendeana mpaka vidole vinagusana. Shuka arobaini kwa siku. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi vidole viligusana.

Tukawa na ishara yetu. Nilikuwa na taulo jekundu. Nikilianika mwisho wa kamba upande wa kushoto, ukitazama kutoka dirishani kwake, maana yake njoo, mama amelala. Nikilianika upande wa kulia, usije, watu wapo. Ni hivyo tu. Kushoto njoo, kulia usije. Mpaka leo kushoto kwangu ni upande wa furaha.

Halafu kampuni ikampa mkataba wa miaka minne, mbali sana. Kaka yangu akasikia habari zetu akamtolea ukali mlangoni. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, huku akinyoosha kola ya shati la mtu: "Anayelipwa kuchora nyumba za watu, yake ataijenga lini?" Na Mchoraji, badala ya kusema neno, akaniambia, "Nipe muda nifikiri."

Nipe muda! Nilimpenda mpaka nikawa sili, yeye anaomba muda kama anayeomba chenji.

"Basi usinipigie simu kunipa visababu," nilimwambia siku ya mwisho, nalia kwa hasira. "Si umesema picha ya mwisho ya paa utaichorea hukohuko? Ukishajua unachotaka, nionyeshe kwenye kamba ya picha hiyo. Nikiona taulo kushoto nitakupigia mwenyewe na nitakuja uliko, hata mama akilia. Nikiona kulia, nitaelewa."

"Kwenye kamba," alisema. "Nakuahidi."

Filamu ikatoka mwaka uliofuata. Tulikwenda kuitazama mimi, mama na kaka. Ukumbi ulijaa. Nyuma ya paa letu walikuwa wameweka mlima ambao hatuna na bahari ambayo hatujawahi kuiona, lakini mimi sikutazama mlima wala bahari. Nilitazama kamba. Taulo jekundu lilikuwepo, limeanikwa vizuri, na mikunjo yake.

Lilikuwa kulia.

Nilitoka kabla taa hazijawashwa. Jioni ile ile nikaikata laini ya simu kwa mkasi wa kukatia vifungo.

*

"Umekuja kuchora?" nilimwuliza sasa.

"Hapana."

"Basi umekuja kupiga picha. Simama konani, kama wenzako."

"Jirani..."

"Usiniite hivyo. Mtu akihama si jirani tena."

Akainamisha kichwa. Ningependa kusema kwamba nilifurahi kumwona amenyong'onyea, lakini kwa kweli nilitaka kukaa chini tu. Nikarudi kwenye kazi yangu. Ukutani kuna msumari. Tangu magoti ya mama yaharibike asiweze tena kupanda ngazi, huwa natundika ncha moja ya shuka pale na kuvuta ile nyingine. Msumari hauchoki, hauongei, wala hauombi muda.

"Umepata msaidizi," akasema, akiutazama.

"Mchapakazi. Hajawahi kunihama."

Alitabasamu kidogo, nami nikajilaumu kwa kumchekesha.

"Saa kumi nina wageni," nikasema haraka. "Afadhali ujue. Mfamasia wa mtaa wa pili ameleta posa, na leo ndugu zake wanakuja kuchukua jibu. Ndiyo maana unaona chini kumepigwa deki na kaka amevaa tai."

"Jibu gani?"

"Ndiyo."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Unampenda?"

"Anamletea mama dawa za magoti. Hapigi kelele. Ana kiti cha kuzunguka dukani, akaniambia nikichoka nitakuwa nakikalia." Nikaivuta ncha ya shuka kwa nguvu. "Nina miaka thelathini na minne. Nimechoka, unasikia? Sikubali kwa mapenzi, nakubali kwa uchovu. Kuna ndoa ngapi zimeanza hivyo na watu wakakaa salama!"

"Na mimi nisingekuja kukusumbua," alisema. "Nilikuwa nimeshakubali jibu lako."

"Jibu langu?"

"Ulibadilisha laini."

Nikaiacha shuka ikining'inia kwenye msumari.

"Wewe mwanamume una uso mkavu! Ulinionyesha kulia. Watu mia tatu ukumbini, na mimi katikati yao, unaniambia usije. Ulitaka nifanye nini? Nikupigie kukushukuru?"

Aliligeukia tangi, kisha ngazi, kisha kamba. Uso wake ulikuwa unabadilika, kidogo kidogo.

"Nilijua," akasema kwa sauti ya chini. "Njia nzima nilikuwa najiambia ndivyo, nikiogopa kwamba sivyo."

"Ulijua nini?"

"Kaka yako alilihamisha tangi lini?"

Nilitaka kumwuliza tangi linahusianaje na maisha yangu, lakini nikajibu. "Miaka minne iliyopita. Wageni walikuwa wanalalamika kwamba paa halifanani na la kwenye filamu, kwamba tangi liko upande usio wake. Meneja akaita mafundi wakalihamisha." Meneja ndilo jina ambalo kaka yangu alijipa wageni walipoanza kuja. "Mimi mwenyewe nilishika bomba. Halafu akalipaka kijani, kwa sababu kwenye filamu ni kijani."

"Mimi nililichora pale lilipokuwa. Upande ule." Alinyoosha mkono. "Sijawahi kubadilisha upande wa kitu chochote. Ngazi je? Kwenye filamu ngazi iko wapi?"

Nikafumba macho. Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara moja tu, na siku ile macho yangu yalikuwa na kazi moja. Lakini picha zake ziko ukutani dukani, kaka amezibandika hadi mlangoni. Ngazi iko... ngazi iko kulia. Ya kwetu iko kushoto.

Nikafumbua macho.

"Mwezi uliopita mwanafunzi wangu alinionyesha picha aliyopiga hapa," alisema. "Nikaona tangi limehama. Nikamwuliza, wamelihamishia nini? Akasema, ili lifanane na filamu. Ndipo nikaitafuta filamu nikaitazama kwa mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza? Hukuwahi kuiona?"

"Sisi wa mandhari tunamaliza kazi mapema, tunakabidhi, tunaondoka. Ilipotoka nilikaa siku nne nimeishika simu nikingojea upige. Siku ya tano nikapiga mimi, laini haipo. Nikajua umeiona, na hilo ndilo jibu lako. Ningeitazama ya nini tena?" Akaanza kufungua mkoba wake. "Walimgeuzia msichana njia. Mkurugenzi aliamua dakika za mwisho kwamba akimbie kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo wakaigeuza picha yangu nzima, kama unavyogeuka kwenye kioo. Ni jambo la kawaida kazini kwetu. Hakuna hata aliyeniuliza. Kwao lilikuwa ni paa tu."

Kutoka ndani ya mkoba wake alitoa karatasi nene, iliyokunjwa mara moja, kingo zimechakaa. Hakunipa. Aliikunjua akaishikilia mbele ya kifua chake, kama watoto wanavyoonyesha michoro yao shuleni.

Paa letu. Ngazi kushoto, tangi jeusi kulia, ufa kwenye sakafu, ndala zangu karibu na beseni. Hakuna mtu. Na mwisho wa kamba, upande wa kushoto, taulo jekundu.

Sikulia. Watu hudhani katika saa kama ile mtu hulia au huruka kwa furaha. Mimi nilikaa chini pale pale sakafuni, kwenye maji, na kitu pekee nilichohisi ni uchovu wa miaka mitano ukinishuka kwa mkupuo mmoja.

"Kushoto," nikasema.

"Kushoto."

"Nami nilishika bomba," nikasema, na kicheko kikanitoka, kibaya, kikavu. "Kaka anahamisha tangi zima mbele ya macho yangu, mimi nashika bomba, na sijiulizi kwa nini filamu imegeuka!"

Akakaa karibu nami, si karibu sana. Magoti yake yalilia.

"Umeoa?" nikauliza baadaye.

"Nilijaribu. Tulifika mpaka kuchagua siku. Halafu akaniuliza kwa nini kila nikitembea naye mjini natazama juu tu, kwenye mapaa ya watu."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ni kazi. Hakuamini. Alikuwa na akili."

Jua lilikuwa limesogea. Kivuli cha tangi la kijani kilitufikia miguuni, tangi ambalo halikupaswa kuwa pale.

"Sijui nifanye nini na wewe," nilimwambia, na ulikuwa ukweli mtupu. "Nguvu za kukukasirikia sina. Za kukukimbilia pia sina. Ungekuja mwaka ule ningeruka ukuta."

"Mimi mwenyewe ningeanguka ukinirukia. Mkono huu," akaunyoosha, vidole vikitetemeka kidogo, "haushiki brashi zaidi ya saa mbili. Siku hizi nafundisha. Sikuja na mkataba wala safari. Nimepanga tena chumba kile cha ng'ambo, mwenye nyumba amenikumbuka. Ukimkubali mfamasia, nitafunga pazia. Sitakusumbua."

Ndipo tukasikia ngazi.

Ilikuwa hatua moja, kimya, hatua nyingine, kimya kirefu. Nilizijua hatua hizo, lakini sikuziamini. Mama hakuwa amepanda ngazi ile kwa miaka mitatu. Nilikimbilia kumshika mkono, akanisukuma. Alikuwa amevaa gauni lake la kupokelea wageni, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama," Mchoraji akasimama.

"Marahaba." Mama akamtazama kuanzia kwenye viatu hadi kwenye mvi. "Umezeeka. Kaa." Kisha akaiona karatasi. Aliitazama kwa muda mfupi mno kwa mtu anayeona kitu kipya.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Mama," nikasema. "Ulikuwa unajua."

"Kujua nini?"

"Mama!"

Akajishikiza kwenye ukuta, kando ya ule msumari. "Nimeanika nguo kwenye paa hili miaka thelathini, mwanangu. Nisilitambue likigeuzwa?"

"Na taulo?"

"Taulo!" Akatoa pumzi. "Mimi ni dobi. Taulo moja linafuliwa kila siku kwa miezi minane, halina doa, halichakai, leo liko huku kesho liko kule. Mlidhani nafikiri linapungia ndege? Nikilala, kushoto. Nikiamka, kulia. Hata sikuwa nalala. Ulipotoka ukumbini unalia, nikajua umeona kulia. Na mimi nikaona ngazi iko upande usio wake, nikajua kijana wa watu amechora kushoto."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Miaka mitano, mama. Nikilala nalia chumba cha pili, wewe unasikia."

"Nilisikia."

"Kwa nini?"

Sikuwahi kumwona mama yangu hivi. Aliyepokea ugomvi wa wateja mtaa mzima, aliyemzika mume asubuhi na jioni akawasha pasi, sasa alikuwa analikunja pindo la gauni lake na kulikunjua.

"Magoti yalikuwa yameshaanza," akasema mwishoni. "Kaka yako hajui hata kutofautisha foronya na kitambaa cha meza. Nikajiuliza, akienda huyu, nani atanishikia ncha ya pili?" Macho yake yakaenda kwenye shuka iliyokuwa ikining'inia ukutani. "Halafu leo wageni wamewahi kuingia, nikasikia nyayo za mtu juu hazishuki. Nikajua ni nani. Nikakaa na watu wale, wanacheka, wanamsifia kijana wao, nami naangalia dari. Nikashindwa. Kumbe ulikuwa unashikiwa na msumari, mwanangu. Hukuniambia."

Nilikuwa na haki ya kupiga kelele. Maneno nilikuwa nayo, tena mengi. Lakini nilimwona alivyokuwa akiminya goti kwa kiganja, akijifanya anakung'uta gauni, na maneno yakaniishia. Nitayasema siku nyingine. Nina hakika nitayasema.

Kutoka chini kaka akaita, kwa ile sauti yake ya Meneja: "Jamani! Wageni wanasubiri huku!"

"Niwaambie nini?" mama akauliza. Hakuuliza kama mama. Aliuliza kama mtu aliyekuja kuchukua nguo na hajui kama ziko tayari.

Nilimtazama Mchoraji. Safari hii hakuomba muda. Alikuwa ameikunja karatasi yake, anangoja, mikono miwili mitupu mapajani.

"Waambie hapana," nilisema. "Waambie kwa upole, mfamasia hajakosa kitu. Na mwambie yeye nitakuja kesho kumweleza mwenyewe, ana kwa ana."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Akaanza kushuka, mkono ukutani, ngazi moja, kimya, ngazi nyingine. Katikati akasimama, akasema bila kugeuka, "Kijana, umekula?"

"Bado, mama."

"Haya."

Tukamsikiliza mpaka akafika chini. Kisha nikaenda ukutani, nikaichomoa ncha ya shuka kutoka kwenye msumari. Ilikuwa imetoboka kidogo pale, kama zote. Nikamnyooshea.

Akaishika. Akarudi nyuma hatua tatu, kama zamani, lakini mikono yake ilikuwa chini.

"Nyanyua juu," nikamwambia. "Inaburuta."